Pigo la Mjomba Seif

Kila Jumamosi asubuhi mke wangu huyatoa mazulia ya sebuleni, huyatundika juu ya ukuta wa ua na kuyapiga kwa ufito wa mtende. Mimi huwa ndani nanywa chai. Kishindo cha kwanza tu kikilia, mgongo wangu hujikunja, kidevu hushuka kifuani, na kiganja cha kulia hutafuta mahali pa kupiga. Msinicheke. Nimezeeka, magoti yananiuma, lakini mwili haujasahau. Kishindo kile ni kile kile cha kiganja juu ya jamvi, mtu anapoanguka na kupiga chini ili mifupa isiumie. Na vumbi linaloingia dirishani lina harufu ile ile ya jamvi lililokaa juani. Basi chai hupoa, nami ni mtoto tena, katika mji wa Ibra, nasubiri kuangushwa.

Sisi tulikuwa watu wa Tabora. Babu alikuwa na duka kule, na baba akazaliwa kule, na mimi pia. Tulipohamia Omani nilikuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni nikichoka. Pale Ibra walituita Wazanzibari, na sisi Zanzibari yenyewe tulikuwa hatujapata kuiona. Kila mtu aliyekuja kutoka upande ule na Kiswahili mdomoni aliitwa hivyo. Mwaka wa kwanza mama alijaribu kuwasahihisha majirani. Mwaka wa pili alichoka, na walipomwomba awapikie biriani la Kizanzibari, akauliza kwa watu namna linavyopikwa, akapika, wakalisifu.

Kiarabu nilianza kukielewa mapema, lakini kukisema nilishindwa. Maneno yalinifikia mpaka nyuma ya meno, yakaketi hapo. Mwalimu akiniuliza jambo ambalo jibu lake nalijua, nilitazama vidole vyangu mpaka akamgeukia mwingine. Wenzangu hawakunichukia, walinisahau tu. Walipogawana timu za mpira, mimi na jiwe la goli tulikuwa sawa. Nilisoma hadi darasa la sita nikaacha, na hata leo barua fupi inanichukua siku nzima. Lakini hayo ya shule si ninayotaka kuwaeleza. Nataka kumweleza Mjomba Seif.

Alikuwa mdogo wake mama. Alikuwa mfupi, mwembamba, na miwani yake aliifunga kwa uzi nyuma ya kichwa. Aliendesha gari la maji, akipeleka maji kwenye nyumba na mashamba ya mbali, na siku zote alinukia dizeli na sabuni ya kufulia. Kumtazama usingemdhania. Lakini ujana wake alifanya kazi kiwanda kimoja Dar es Salaam, na hapo akamkuta fundi wa Kijapani aliyeletwa kutengeneza mashine. Mjapani yule alijua mchezo wa zamani wa kwao uitwao jujitsu, na alikuwa mpweke. Akatafuta mtu wa kumwangusha, akampata mjomba. "Miaka yote ile," mjomba alikuwa akisema, "Mjapani aliangusha, mimi nilianguka. Kazi tuligawana vizuri."

Mtaani petu palikuwa na sabla, yaani baraza ambamo wanaume hukutana kunywa kahawa na kuamua mambo yao. Nyuma yake palikuwa na kiwanja cha mchanga kabla ya kufika mitendeni, mali ya mtaa mzima. Mjomba alitandika pale majamvi ya zamani juu ya mchanga, na baada ya sala ya alasiri akaanza kunifundisha mimi peke yangu, maana mama alimwomba anitoe ndani. Haikupita muda watoto wa mtaa wakaja. Walikuwa wamekwisha ona kanda za video za karate, na siku ya kwanza walibeba matofali ya udongo, wayaweke mbele ya mjomba ayavunje.

Mjomba aliyatazama matofali, akamtazama Nasir, mtoto wa jirani, aliyekuwa kiongozi wao.

"Tofali limekukosea nini, mwanangu?"

Matofali yakawekwa kando, na mpaka leo sijui nani aliyarudisha.

Tulijifunza kuanguka kwanza. Mbele, nyuma, ubavuni, na kiganja kikipiga jamvi. Na hapo, jamani, mimi nilipata pahali pangu duniani. Kuanguka hakuna Kiarabu wala Kiswahili. Nilikuwa mwepesi, sikuogopa chini, na kila aliyejifunza kuangusha alitaka kufanya na mimi. "Saidi kwangu," walisema, "hapana, jana alikuwa kwako." Watoto wale wale waliokuwa wakinisahau mpirani walikuwa wakinigombania mchangani.

Baadaye ndipo likaja pigo. Wajapani wanaliita atemi, lakini mjomba alisema pigo, nasi tukafuata. Mtu akikushika, kabla hujamzungusha, mkono wako ulio huru unamwendea usoni kwa kasi. Unafika karibu na pua, unasimama. Mjomba alipolifanya kwangu nilisikia upepo wake, na harufu ya dizeli, kisha dunia ikazunguka nikajikuta chini natazama makuti.

Nasir hakuridhika. "Ammi Seif, mbona humpigi?"

"Nimeshampiga."

"Hujamgusa."

"Usitazame mkono wangu. Tazama visigino vyake." Akalirudia polepole, nao wakaona: mkono ulipokuja, kichwa changu kilirudi nyuma, na visigino vyangu vikanyanyuka kidogo juu ya jamvi kama mtu anayechungulia ukutani. Hapo nilikuwa nimekwisha anguka, kilichobaki ni kufika chini.

Siku nyingine alinishika mkono yeye, akaniambia nimwangushe bila pigo. Nilivuta, nikasukuma, nikajaribu kumzungusha. Ilikuwa kama kuvuta mtende. "Sasa nipige," akasema. Mkono haukuinuka. Ni mjomba wangu, nimwinulie mkono usoni vipi, na mama anatusikia kutoka uani? "Nipige, Saidi. Kwa heshima, lakini nipige." Nikainua mkono kidogo. "Hapo unanipungia. Mimi nasafiri?" Nikakasirika kidogo, nikaupeleka kweli. Kichwa chake kikarudi, mkono wake ukawa mwepesi kama kitambaa, na mtu mzima mwenye ndevu akaruka juu ya bega langu, akapiga jamvi kwa kiganja. Akasimama anafuta miwani, anacheka.

"Umeona? Pigo lazima liwe la kweli. La uongo mwili unalijua. Linakwenda na nia yote, kisha unalizuia wewe mwenyewe. Likimfika mwenzako, macho yake na nguvu zake vinakwenda kujilinda pale. Ukiliacha, mtabaki kushindana nguvu, na nguvu mwenzako anazo."

Sasa, watoto ni watoto. Nasir alilipeleka pigo lile shuleni, kwa binamu yake, na kulizuia hakuweza. Pua ilitoka damu, kanzu ikaharibika, na jioni yake sheikh wa mtaa akamwita mjomba sabla. Mimi nilikwenda naye kumsaidia lugha, maana Kiarabu cha mjomba kilikuwa cha kuulizia njia na maji tu. Nilikaa nyuma ya bega lake, nikamnong'oneza kila neno sikioni.

Sheikh hakupandisha sauti. Alimtilia mjomba kahawa kwanza, akangoja anywe.

"Ya Seif, watoto wanakupenda, na sisi tumeliona hilo. Lakini uso kwetu ni kitu kikubwa. Mtu akimwinulia mwenzake mkono usoni, hata asipomgusa, ugomvi unaingia nyumba mbili na hautoki. Siku ya pili ya Idi, baada ya ngoma yetu ya razha, utuonyeshe mchezo wako mbele ya baba zao. Mkono usiende usoni kwa mtu. Ukiwezekana hivyo, kiwanja ni chenu. Usipowezekana, toa majamvi yako kwa usalama, na wewe ni ndugu yetu vile vile."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa kahawa. Nyumbani mama alikuwa anachambua mchele, akamtazama tu akajua.

"Si uliache hilo pigo, Seif? Ubaki na huko kuangushana."

"Dada, ni kama kuniambia nipike wali bila maji."

"Basi utakula mchele," mama akasema, akaendelea kuchambua. Lakini nilimwona mkono wake umepungua kasi. Alijua ni nani atakayepoteza zaidi kiwanja kikifungwa. Mjomba alikuwa na gari lake la maji, njia zake, na watu wa kusalimiana nao. Mimi nilikuwa na yale majamvi.

Siku zilizobaki tulifanya mazoezi bila pigo. Waliokuwa tayari kuanguka walianguka. Asiyetaka kuanguka alisimama, nasi tukamzunguka kama watu wanaotafuta mlango wa nyumba isiyo na mlango. Nasir, aliyeleta balaa lote, alikuwa mpole kuliko sisi sote, na kila siku alifika mapema kukung'uta majamvi.

Idi ikaja. Siku ya pili mtaa mzima ulinukia shuwa, ile nyama inayofukiwa shimoni na viungo vyake ndani ya majani ya mgomba, na kila nyumba ilikuwa na mtu mlangoni akikuvuta uingie ule. Baada ya alasiri wanaume wakapanga safu kiwanjani kwa razha, ngoma yao ya panga. Ngoma zililia, mashairi yakajibizana, panga nyembamba zikatikiswa hewani mpaka zikatetemeka na kumetameta. Kisha wakatoka wawili wawili, upanga mkono wa kulia, ngao ndogo ya duara mkono wa kushoto, wakazungukana.

Mjomba alikaa mchangani karibu yangu. Alikwisha ona razha kabla ya hapo, lakini kwa mbali, kutoka dirishani mwa gari lake. Akainamisha kichwa.

"Hawa wanatafutana nini?"

"Kidole gumba, mjomba."

"Kipi?"

"Cha kushoto. Kile kinachotokeza nyuma ya ngao. Ukiguswa pale na upanga, umeshindwa."

"Kukatwa au kuguswa?"

"Kuguswa tu. Wanaanza wakiwa watoto. Hamud hajaguswa hata siku moja."

Hamud alikuwa mtoto mkubwa wa sheikh, kijana mrefu mwenye mabega ya kubeba magunia, na ndiye aliyekuwa uwanjani wakati ule. Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena. Niliona hatazami panga. Watu wote walifuata panga kwa macho, yeye alifuata mikono ya kushoto.

Ngoma zikanyamaza, sheikh akatoa ishara, tukatandika majamvi. Tulianguka vizuri siku ile, nasema kweli. Mimi nilianguka mpaka kanzu yangu mpya ya Idi ikageuka rangi ya mchanga. Wanawake walikuwa wakitazama kutoka juu ya nyumba, na mama alikuwa miongoni mwao, sikuthubutu kutazama huko. Watu wakatupigia makofi, lakini yale makofi ya kumpa mtoto aliyesoma sura fupi.

"Watoto wanaanguka wenyewe," akasema mzee mmoja.

"Wamezoea," akajibu mwenzake. "Mimi mjukuu wangu nikimwambia anguka ataanguka."

Hamud akaweka upanga wake chini, akaja akicheka. Hakuwa na ubaya. "Ammi Seif, na mimi nikikushika?"

Mjomba akamnyooshea mkono wa kulia. Hamud akaushika kwa mikono yake yote miwili, akakita miguu mchangani. Mjomba akageuka kulia, hakuna kitu. Akageuka kushoto, hakuna kitu. Akashuka chini, akapanda, miwani ikamteleza mpaka nchani mwa pua, na mkono wake ulikuwa pale pale kama umefungiwa mlangoni. Watu wakaanza kucheka.

"Mngoje achoke, ya Seif," akasema baba yake Nasir. "Labda Idi ijayo."

"Mleteeni maji, ni mtu wa maji huyu."

Hamud mwenyewe aliona haya. Akasema kwa sauti ya chini, "Ammi, nikuachie?"

Hapo niliuona mkono wa kushoto wa mjomba ukianza kupanda. Miaka yote ile ya Mjapani ilikuwa ndani ya mkono ule, na njia yake ilikuwa moja, kwenda usoni. Ulipanda mpaka usawa wa kifua. Nasir aliuona, akanishika kanzu. Sheikh aliuona, akaacha kucheka, na waliokuwa karibu naye wakaacha pia. Nilitaka usimame. Na nilitaka uende. Kama ungekwenda, Hamud angeanguka na kila kitu kingekwisha.

Mkono ukageuka. Ulishuka kama upanga, ubavu wa kiganja chini, kwa nia yote, juu ya kidole gumba cha kushoto cha Hamud.

Haukukigusa. Pengine ungeweza kupitisha punje ya mchele kati yao. Lakini mkono wa Hamud uliruka wenyewe kama umegusa birika la kahawa motoni, bega lake likaufuata nyuma, na kisigino kikanyanyuka mchangani. Mjomba aliingia pale palipobaki wazi, akageuka mara moja, na yule kijana mkubwa akakaa chini polepole, mjomba amemshikilia kanzu begani ili asijigonge. Hata kilemba chake hakikudondoka.

Hamud alikuwa anatazama kidole chake.

"Kanigusa?" akawauliza wenzake.

"Hakukugusa."

"Wallahi nilihisi kimekwisha kwenda."

Akaanza kucheka yeye mwenyewe, pale pale chini, na kiwanja chote kikacheka naye, lakini sasa kicheko kilikuwa kingine. Sheikh akaja mpaka ukingoni mwa jamvi. Akaniangalia mimi, maana alijua mjomba hatamwelewa vizuri.

"Muulize. Hilo ndilo pigo lenyewe?"

Nikauliza. Mjomba alikuwa anahema, anatafuta uzi wa miwani. "Mwambie ndilo. Linakwenda pale mtu anapojilinda. Kama ni usoni, kama ni kidoleni, mamoja. Akikimbilia kujilinda, huku nyuma anaacha mlango wazi, nasi tunapita. Kumuumiza hatutaki. Tukimuumiza, tumelikosea."

Nikasimama, nikayasema yote yale kwa Kiarabu, mbele ya sheikh na wanaume wote wa mtaa na wanawake juu ya nyumba. Nilipofika mwisho ndipo nilipogundua kwamba nimesema kwa sauti. Mzee yule aliyesema watoto wanaanguka wenyewe akamwuliza jirani yake, "Huyu mtoto wa Kizanzibari anasema hivi siku zote?" Sheikh akacheka kidogo.

"Kiwanja ni chenu," akasema. "Na Hamud naye aje kujifunza kukaa chini."

Hamud akaja kweli, na wenzake. Kuanzia siku ile, kwetu Ibra pigo halikwenda usoni tena. Lilikwenda kidoleni. Miaka mingi baadaye, Muskat, niliwaona vijana wakifanya mchezo unaofanana na ule, na mikono yao inakwenda puani kwa watu bila hata kuomba radhi. Niliwatazama kidogo nikaondoka. Niliona haya kwa ajili yao.

Nilipokuwa mtoto nilidhani mjomba alishinda siku ile kwa ujanja, na nilimsifu kwa ujanja wake kwa kila aliyetaka kunisikiliza. Sasa nimeupita umri aliokuwa nao, na naona kwamba ujanja ulikuwa sehemu ndogo. Pigo alilijua tangu zamani. Aliloweza siku ile ni kulishika mkononi likiwa limekwisha anza safari, watu wanamcheka, riziki ya moyo wa mtoto wa dada yake iko juu ya jamvi, na bado akakumbuka yuko kwa nani. Alikaa mchangani akawauliza wenyeji, kupitia kwangu, heshima yao wanaiweka wapi. Kisha akaligeuza jambo alilofundishwa na Mjapani likawa jambo lao. Mimi nilidhani ananiuliza habari za mchezo tu.

Na jambo jingine nimelielewa kwa kuchelewa. Siku zote nilipokuwa nikimnong'oneza sikioni maneno ya watu, mjomba alikuwa akisema, "Sikukusikia, sema kwa sauti." Masikio yake yalikuwa mazima. Dereva wa gari bovu anayesikia ubovu wa injini akiwa mbali hawezi kuwa kiziwi.

Mjomba Seif amekwisha fariki, Mungu amrehemu, na kiwanja kile kimejengwa maduka. Hamud yupo. Amekuwa mzee mkubwa mwenye fimbo, na wajukuu wanamshika mkono anapovuka barabara. Tukikutana sokoni husimama kwanza. Huniangalia, hufumba mkono wake wa kushoto, na kukificha kidole gumba ndani ya ngumi. Wajukuu zake hawajui kwa nini, nami sijawaambia. Nangoja. Taratibu ngumi inafunguka, kidole kinatoka, na hapo ndipo tunapoanza kuulizana habari.